Mkeka wa Benham si Mkeka Wako

Siku boom la muhula uliopita lilipoingia, mwenzangu wa chumbani alinionyesha simu yake hata kabla hajaenda kumlipa mama ntilie deni la wiki tatu. Mkeka wa mechi kumi, dau shilingi elfu hamsini. Nilipomuuliza kama yuko sawa kichwani alinijibu kwa utulivu wa mhadhiri: "Kaka, mimi sibeti kama nyie wa mihemko. Mimi nabeti kwa data. Brentford yenyewe mwenye timu ni mbeti, na angalia walipo."

Mkeka ulichanika Jumamosi hiyohiyo, tena kwenye mechi ya kwanza tu. Deni la mama ntilie tulilimaliza kwa kuchangishana chumba kizima, na mimi nilitoa elfu nane niliyokuwa nimeitenga ya kutoa kopi za notisi. Siandiki haya kumsema vibaya. Ameshaisoma rasimu ya makala hii, kanuna kidogo, kaniruhusu. Naandika kwa sababu ile sentensi yake ya mwisho ilinikaa kichwani. Ni kweli mwenye Brentford ni mbeti. Mwenye Brighton naye vilevile. Nikaanza kusoma, na nilichokikuta kimenifanya niiheshimu hesabu kuliko zamani na niuchukie mkeka kuliko zamani, vyote kwa pamoja.

Tuanze na hao watu wawili, maana kwenye vimbweta wanatajwa kama vile ni waganga. Matthew Benham alisoma fizikia Oxford, akafanya kazi za fedha London, halafu akahamia kwenye biashara ya kubashiri mpira. Aliyemwajiri huko ni Tony Bloom, mhitimu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Manchester na mcheza poka ambaye wenzake walimbatiza jina la Mjusi. Baadaye wakaachana, na mwaka 2004 Benham akaanzisha kampuni yake, Smartodds. Bloom naye ana yake, Starlizard. Kampuni hizi si kama zile zenye vibanda mtaani au programu ya simu ya kuwekea dau. Zenyewe zinaajiri watu wa takwimu, pamoja na watu wa kukaa kuangalia mechi na kuandika kila nafasi ya goli, kisha zinatoa hesabu za mechi kwa wacheza kamari wakubwa.

Wote wawili walikuwa mashabiki kabla ya kuwa matajiri. Babu yake Bloom aliwahi kuwa makamu mwenyekiti wa Brighton. Benham alianza kwenda kuiangalia Brentford akiwa mtoto. Bloom alishika Brighton mwaka 2009, timu ikiwa daraja la tatu na inacheza mechi zake za nyumbani kwenye uwanja wa riadha. Benham aliikopesha Brentford fedha kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2012 akachukua umiliki kutoka kwa umoja wa mashabiki uitwao Bees United. Nayo ilikuwa daraja la tatu. Brighton wakafika Ligi Kuu mwaka 2017. Brentford wakafika 2021 kwa kuwafunga Swansea 2-0 pale Wembley, na kabla ya hapo mara ya mwisho kuwa ligi ya juu ilikuwa 1947. Hapo hata asiyependa mpira anaelewa kwa nini mwenzangu wa chumbani anawataja kama manabii.

Sasa hesabu yenyewe. Naomba uvumilivu kidogo. Mimi ni mwalimu mtarajiwa wa hisabati na siwezi kupita hapa kimyakimya.

Mbeti wa kimbweta hujiuliza nani atashinda. Mtu kama Benham hujiuliza kama bei ni sahihi. Kama hesabu zake zinasema timu ina nafasi 50 katika 100 za kushinda, basi odi ya haki ni 2.00. Akikuta soko linatoa 2.10 ananunua, hata kama yeye binafsi hawezi kuivumilia timu hiyo. Akikuta 1.90 anaondoka, hata kama anaipenda. Atapoteza mara nyingi sana. Karibu nusu ya dau za namna hiyo zitaliwa, naye hashtuki, kwa sababu anaweka maelfu ya dau na ile tofauti ndogo ya bei ndiyo inayomlipa mwisho wa mwaka.

Mtu akizoea kufikiri hivi kwa miaka, hata akiangalia mpira anaona kitu kingine. Tarehe 27 Aprili 2013, siku ya mwisho ya ligi, Brentford walikuwa nyumbani na Doncaster. Wakishinda wanapanda. Dakika za nyongeza, 0-0, wakapata penalti. Ikagonga mwamba. Mpira ukatoka hapo ukaenda moja kwa moja upande wa pili, Doncaster wakafunga, wakawa mabingwa. Pale kwetu banda umiza lingesema timu haina bahati, au kocha afukuzwe, au mpigaji kala hela. Kwa jicho la mbeti wa kweli, penalti huingia kama mara saba au nane katika kumi. Timu iliyofika kwenye penalti hiyo ilikuwa imeshafanya kazi yake, kilichobaki ni chuma cha goli. Mwenye timu hakuvunja kitu. Msimu uliofuata, 2014, wakapanda.

Hiyo ndiyo asili ya ile xG ambayo watangazaji wetu nao siku hizi wanaitaja, yaani magoli yanayotarajiwa. Kila shuti linapewa uzito kulingana na mahali lilipopigwa na namna lilivyopigwa, halafu unajumlisha. Kabla haijawa kitu cha kuonyeshwa kwenye televisheni, wabashiri wakubwa walikuwa na mahesabu yao ya namna hiyo, kwa sababu magoli ni machache mno kukuambia ukweli wa timu. Rasmus Ankersen, Mdenmarki aliyefanya kazi na Benham Brentford na pia kwenye klabu yake ya pili, Midtjylland ya Denmark, alikuwa akisema wazi kwamba msimamo wa ligi hudanganya. Wao waliweka msimamo wao wa pembeni, unaopanga timu kwa ubora wa nafasi wanazotengeneza na wanazoruhusu. Midtjylland waliyoinunua 2014 ikachukua ubingwa wa Denmark kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata, ikifunga sana kwa kona, faulo na mipira ya kurusha, vitu ambavyo wengine walikuwa wanaviona kama kupoteza muda mazoezini.

Nilijaribu mwenyewe, na hili naomba msinicheke. Kwenye ligi ya vitivo ya muhula huu nilikaa mechi sita pembeni ya uwanja na daftari la mistari, nikichora boksi na kuweka nukta kila shuti lilipopigwa. Mashuti 131, magoli 14. Yupo jamaa mmoja ambaye chuo kizima kilikuwa kinamwimba, magoli matano kwa mashuti saba, mengi ya mbali. Yupo mwingine ambaye alikuwa anazomewa mpaka na kitivo chake, mashuti 23, karibu yote ndani ya boksi, magoli mawili. Niliandika kwenye ukurasa wa mwisho: huyu wa pili ndiye wa kuogopwa. Kwenye robo na nusu fainali huyo wa pili alifunga manne, yule wa kwanza hakufunga hata moja. Kabla hamjaniita mganga, nilitabiri pia kwamba kipa wa timu yetu atatuponza, na ndiye aliyetuokoa kwenye matuta. Mechi sita ni chache. Hata hivyo jambo moja lilinigonga: yule kijana alizomewa wiki tatu kwa kufanya kitu sahihi ambacho bado hakijalipa.

Nilikumbuka mazoezi yangu ya kufundisha mwaka jana. Darasa la kidato cha pili, wanafunzi 97, madawati ya kubanana. Nilipewa orodha ya "wazito" iliyopangwa kwa jaribio moja tu la mwezi wa tatu. Binti mmoja alikuwa wa 91. Nilipokaa kuangalia daftari lake, hatua zake zilikuwa sahihi mpaka mstari wa mwisho, akikosea kujumlisha kwa haraka. Jaribio lilimwona wa 91, lakini ile njia yake ya kufanya hesabu ilikuwa ya mtu wa kumi bora. Kwa hiyo nikisoma habari za hawa wabeti wa Uingereza kuna sehemu yangu inayosema: hiki ndicho tunachopaswa kukiiba. Usimpime mtu kwa goli moja.

Na kwenye usajili ndipo hiki kitu kinapogeuka pesa. Ukitaka kuweka bei ya mechi popote duniani lazima uwe na ngazi moja ya kupangia timu zote, kuanzia Ligi Kuu ya Uingereza mpaka daraja la pili la Ufaransa. Ukishakuwa na ngazi hiyo, unaona mambo ambayo skauti anayezunguka na kofia haoni. Unaona kwamba mchezaji wa daraja la pili Ufaransa anauzwa bei ya chini kuliko mchezaji wa kiwango kilekile aliyeko Uingereza, kwa sababu tu ya jina la ligi. Brentford wakaenda kununua huko. Bryan Mbeumo wa Cameroon walimtoa Troyes mwaka 2019 kwa pauni zisizofika milioni 6, wakamuuza Manchester United mwaka 2025 kwa 65 na nyongeza juu. Ollie Watkins walimtoa Exeter, daraja la nne, kwa chini ya milioni 2, wakamuuza Aston Villa mwaka 2020 kwa 28 za kuanzia. Brighton nao walimchukua Moisés Caicedo kutoka Ecuador mwaka 2021 kwa karibu milioni 4.5, Chelsea wakalipa 100 na zaidi mwaka 2023. Mimi ni shabiki wa Chelsea. Tuendelee.

Hapa ndipo watu wengi wanaoandika habari za data huishia, kwenye orodha ya faida. Mimi naona ndipo mjadala unapoanza, maana njia ya mbeti ina tabia moja ambayo haiwezi kuiacha: kila kitu kwake ni dau, na dau lisilolipa linaachwa.

Angalia Mei 2016. Brentford walifunga akademi yao. Hesabu ilikuwa rahisi na, kwa upande wao, ya haki kabisa. Kuendesha akademi London ni gharama kubwa, umezungukwa na klabu kubwa, na kijana akionyesha kitu wakubwa wanakuja kumchukua kwa fidia ndogo iliyopangwa na kanuni. Manchester City na Manchester United walikuwa wametoka kufanya hivyo hivyo kwa vijana wao. Kwa hiyo wakafunga, wakaanzisha timu B ya vijana wakubwa kidogo waliotemwa na akademi za wakubwa au waliookotwa nje ya Uingereza. Kibiashara iliwalipa. Wachambuzi wakasifu: wamenunua pale ambapo soko limekosea bei.

Nami nikasoma nikiwa na yule binti wa 91 kichwani. Mtoto wa miaka tisa wa mtaa wa Brentford aliyekuwa anakwenda mazoezini kila Jumanne hakuwa bei iliyokosewa. Alikuwa mtoto anayejifunza. Hesabu ya wakubwa haikuwa na safu ya kuandika hicho, ikamhesabu kama gharama. Siwezi hata kusema walikosea kujumlisha, walijumlisha vizuri sana. Ndiyo maana hoja ya "data inasema" hainitoshi. Data inajibu swali uliloiuliza, na aliyeuliza hapa ni mtu aliyezoea kuuliza kuhusu bei. Mwalimu hana dirisha la usajili. Wote 97 ni wako mpaka Novemba. Mwaka 2022 Brentford walirudisha akademi, wakiwa sasa Ligi Kuu na wana fedha. Waliokuwa na miaka tisa mwaka 2016 walishakuwa na kumi na tano.

Kuna jambo la umiliki pia, na hili linatuhusu Waafrika moja kwa moja. Ukiwa na ngazi moja ya dunia nzima, klabu moja haikutoshi. Bloom alinunua Union Saint-Gilloise ya Brussels mwaka 2018 ikiwa daraja la pili. Mwaka 2021 ikapanda, na 2025 ikachukua ubingwa wa Ubelgiji kwa mara ya kwanza tangu 1935. Ukiangalia kombe tu, ni hadithi tamu. Mwaka 2023, Union na Brighton zilipofuzu zote mbili mashindano ya Ulaya, ilibidi Bloom apunguze hisa zake Union abaki mwanahisa mdogo ili kanuni za UEFA zisivunjwe. Mashabiki wa Brussels walijua kwamba timu yao ya tangu 1897 ina ndugu mkubwa ng'ambo ya bahari.

Wachezaji wanatembea kwenye mabomba hayo. Simon Adingra wa Ivory Coast alilelewa kwenye akademi Ghana, akapelekwa Denmark, Brighton wakamnunua 2022, wakamkopesha Union hapohapo, akarudi, na Februari 2024 akatoa pasi zote mbili za magoli kwenye fainali ya AFCON waliyoifunga Nigeria 2-1. Bomba likifanya kazi, ndivyo linavyofanya kazi. Sasa mkumbuke Percy Tau, tunayemjua vizuri huku kutoka Mamelodi na baadaye Al Ahly. Brighton walimnunua 2018. Kibali cha kazi Uingereza kikakataa. Misimu iliyofuata akacheza Union, kisha Club Brugge, kisha Anderlecht, kila mwaka kocha mpya na jezi mpya. Aliporudishwa Brighton Januari 2021 alicheza mechi za kuhesabika, na Agosti akauzwa Misri. Kwenye daftari la Brighton hilo ni dau dogo ambalo halikulipa, yapo mengi, halina shida. Kwa Tau ni miaka yake ya kati ya ishirini na nne na ishirini na saba, na mchezaji hapewi mingine. Mbeti anaweka dau elfu moja. Mchezaji ana kazi moja ya mpira, ikiliwa imeliwa.

Halafu kuna Ivan Toney. Brentford walimtoa Peterborough 2020, na msimu wa 2022-23 akafunga magoli 20 ya ligi. Mei 2023 Chama cha Soka cha Uingereza kikamfungia miezi minane na faini ya pauni 50,000 kwa makosa 232 ya kubeti. Kanuni ya chama hicho tangu 2014 inawakataza wachezaji, makocha na watumishi wa klabu kubeti mpira wa aina yoyote popote duniani. Daktari aliyeletwa kwenye shauri alieleza kwamba Toney ana uraibu wa kamari, na adhabu ilipunguzwa kwa sababu hiyo. Sasa iweke picha hiyo mezani. Kijana mgonjwa wa kamari, kwenye klabu ambayo mwenye nayo alitajirika kwa kubashiri, kifuani amevaa jina la Hollywoodbets, kampuni ya kubeti ya Afrika Kusini. Sisemi Benham alivunja sheria, wala sina sababu ya kudhani hivyo. Nasema kwamba ndani ya jezi moja walikuwemo watu wa aina mbili ambao mpira huu unawatengeneza, mwenye hesabu na mwenye kiu, na kanuni ilimwangukia mwenye kiu.

Na sisi hapa chuoni tupo upande gani? Nimeshakutana na makomredi wengi wanaosema wana data. Wanajua xG, wanajua majeruhi, wanajua refa anatoa kadi ngapi. Basi tufanye hesabu ya mkeka wa mwenzangu, ile elfu hamsini.

Tuchukulie mechi kumi zenye nafasi sawa pande zote. Odi ya haki ya kila moja ni 2.00, lakini kampuni inakupa 1.90, hiyo nyingine ni riziki yake. Kwenye mechi moja, kila shilingi mia unayoweka inarudi wastani wa 95. Si mbaya sana. Ukiziunganisha mbili, 0.95 mara 0.95, inarudi 90 na kidogo. Ukiunganisha kumi inarudi chini ya 60. Maana yake, alipobonyeza kitufe, kabla refa hajapuliza filimbi, elfu ishirini kati ya elfu hamsini zake zilikuwa zimeshaondoka kwa wastani. Kwenye skrini kilichong'aa ni milioni 30 na ushee. Nafasi ya kuzipata ni moja katika 1,024, na kodi ya ushindi bado. Mkeka mrefu ni bidhaa ambayo Benham na Bloom hawaigusi. Watu wa aina yao huweka dau mojamoja kwenye masoko ya Asia ambako riziki ya kampuni ni ndogo sana na dau kubwa linapokelewa, na wana watu wazima wenye shahada za uzamivu wanaolipwa mishahara kutafuta makosa ya bei. Kampuni za kawaida zikigundua mteja anashinda mara kwa mara huwa zinambana kiasi cha dau. Mwenzangu hajawahi kubanwa. Anatumiwa ujumbe wa dau la bure kila Ijumaa.

Kwa hiyo akisema yeye na mwenye Brentford wako kambi moja, namwambia hapana kaka. Benham alitajirika kwa sababu kuna watu wanaoweka bei vibaya kwa mihemko. Ukitaka kujua wewe ni nani kwenye hadithi hiyo, angalia salio.

Naandika haya wiki hii kwa sababu. Mnajua kwamba serikali yetu ya wanafunzi imepokea barua ya kampuni moja ya kubashiri, sitaitaja, inayotaka kudhamini ligi ya vitivo msimu ujao: jezi za timu zote, mipira, nyavu mpya, na zawadi ya mfungaji bora. Jambo hili si geni nchini, Simba na Yanga zote zilivaa SportPesa tangu 2017, na najua nyavu zetu zilivyo; kwenye mechi ya mwisho tulifunga tundu kwa kamba ya chandarua. Najua pia kwamba wapo wanaosema tukikataa sisi, chuo kingine kitachukua. Wenyewe huko Uingereza, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa majina ya kampuni za kubeti mbele ya jezi kuanzia msimu wa 2026-27. Sioni kwa nini tupokee mlangoni kwetu kile ambacho wao wanakitoa kifuani, tena mbele ya watu ambao nusu yao wanaishi kwa mkopo wa Bodi.

Nilikwenda mkutano wa wawakilishi nikapewa dakika mbili. Nilisema hapana kwa udhamini, na nikasema jambo la pili ambalo halikuandikwa kwenye muhtasari, kwa hiyo naliandika hapa. Kama tunataka data kwenye ligi yetu, tunao watu wa hisabati, takwimu na kompyuta ambao wanalilia kazi za vitendo. Watu wanane, madaftari, mechi zote, mashuti yote. Tuwape makocha wa vitivo, ili yule kijana wa mashuti 23 asizomewe wiki tatu. Na yale tusiyoweza kuyahesabu, kama nani anabaki kumfundisha aliyeachwa benchi, tuyaandike pia kwa maneno. Gharama ni kalamu na chai. Nyavu tuchangishane, tulishawahi kuchangishana kwa mambo ya kijinga zaidi, mashahidi ni wenzangu wa chumba.

Fomu za maoni kuhusu udhamini ziko kwa Waziri wa Michezo wa serikali ya wanafunzi mpaka Ijumaa saa tisa. Yangu nimesharudisha. Mwenzangu naye amechukua ya kwake, bado anafikiria.